Kuchagua Somo Kuu Katikati ya Masomo ya Chuo

Nchini Marekani, shahada ya kwanza husomewa kwa kawaida miaka minne. Katika vyuo vingi vya huko mwanafunzi halazimiki kuamua, siku anapoingia, atabobea katika nini. Huonja masomo mbalimbali kwanza. Na ufikapo mwisho wa mwaka wa pili, yaani nusu ya safari, hupaswa kutangaza somo lake kuu, ambalo atalichimba mpaka amalize. Makala haya yanakusudia kueleza chimbuko la utaratibu huo, kasoro yake, na jinsi unavyomhusu mwalimu wa shule ya msingi.

Charles Eliot, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Harvard tangu 1869 hadi 1909, aliondoa karibu masomo yote ya lazima, akawapa wanafunzi uhuru wa kujichagulia. Uhuru huo ulikuwa na faida, lakini wengi walirukaruka kutoka somo hadi somo pasipo kuzama katika lolote. Mrithi wake, Abbott Lawrence Lowell, alitafuta njia ya kati: katika kozi 16 za mwanafunzi, zisizopungua 6 ziwe za fani moja, na nyingine kadhaa zitawanywe katika fani tofauti. Hivyo upana na kina viliunganishwa.

Hata hivyo, masomo hayalingani kwa umbo. Historia ni kama shamba lenye vijia vingi. Mtu aweza kuliingia kwa upande wowote. Fizikia ni ngazi. Hakuna apandaye kidato cha nne pasipo kukanyaga cha tatu. Mwanafunzi aliyepitisha miaka miwili bila hisabati, kisha akatamani fizikia, hana budi kurudi chini, na pengine kuongeza muda na karo. Kwa hiyo uhuru wa kuchagua anao yule tu ambaye msingi wake haukumfungia mlango.

Ndugu mwanachuo, ngazi hiyo haianzii chuo kikuu. Mtoto asiyeelewa sehemu hatashika uwiano wala asilimia, na aljebra itamshinda. Siku ya kuchagua itakapofika, atakuta amekwisha kuchaguliwa, wala hakuulizwa.

Kutokana na hayo, yafaa mwalimu azingatie mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuanza mada mpya, apime hatua iliyotangulia kwa maswali mafupi mawili au matatu, na awarudishe nyuma wale waliopungukiwa. Kabla ya kujumlisha 1/2 na 1/3, kwa mfano, ahakikishe kwamba wanafunzi wanajua kwa nini 1/2 ni sawa na 3/6. Pili, asimwambie mtoto kamwe, hasa msichana, kwamba hesabu si fungu lake. Neno la mwalimu huaminiwa, na mtoto huacha kujaribu. Tatu, asiupunje muda wa somo asilolipenda yeye mwenyewe. Mwalimu aliyezoea kugeuza kipindi cha sayansi kuwa cha kuimba huwachagulia wanafunzi wake wote kwa pamoja.

Chuo humpa kijana nafasi ya kuchagua. Uwezo wa kuitumia nafasi hiyo hujengwa miaka mingi kabla, katika darasa utakalokabidhiwa wewe.