Mdomo Sungura Unapoonekana Kabla ya Kuzaliwa

Mdomo wa juu wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Nyama za uso hukua kutoka kando kuelekea katikati. Zisipokutana, hubaki mpasuko, yaani mdomo sungura. Kaakaa huungana baadaye kidogo, nalo huweza kubaki wazi. Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa au wa vyote viwili.

Ultrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti wala si mionzi, huonyesha mdomo vizuri kati ya wiki ya 18 na ya 22. Mpimaji huutafuta uso kwa mbele: matundu ya pua, midomo, kidevu. Mdomo mzima huonekana kama ukanda mweupe usiokatika. Uliopasuka huwa na mstari mweusi unaopanda kuelekea puani. Ukipasuka pande zote mbili, kipande cha katikati huchomoza chini ya pua mithili ya uvimbe, na asiye mzoefu huweza kukidhania kitu kingine. Kamba ya kitovu ikilala juu ya mdomo nayo hudanganya macho. Mtoto akigeukia mgongo wa mama au akiziba uso kwa mkono, mama huambiwa atembee kidogo, kisha apimwe tena.

Kaakaa ni kazi nyingine kabisa. Limefichwa nyuma ya mfupa wa taya, ambao hutupa kivuli kwenye picha, na ulimi hulikaribia mno. Mpasuko wa kaakaa peke yake, mdomo ukiwa mzima, mara nyingi hauonekani, hata kwa mashine nzuri.

Mpasuko ukigunduliwa, moyo, ubongo na viungo hukaguliwa kwa makini, maana wakati mwingine huambatana na kasoro za kromosomu kama trisomi 13. Ukiwa peke yake, na mara nyingi ndivyo ulivyo, wazazi hupata nafasi ya kumwona daktari wa upasuaji mapema. Mdomo kwa kawaida hushonwa kuanzia mtoto akiwa na miezi 3 hivi. Kaakaa husubiri zaidi. Lililo la haraka ni kulisha: mwenye mpasuko wa kaakaa hushindwa kuvuta maziwa, hivyo mama hufundishwa kuyakamua na kumpa kwa kikombe au chupa laini ya kuminya.

Majibu safi ya ultrasaundi hayaondoi haja ya mkunga kummulika mtoto kinywani kwa tochi mara anapozaliwa, hadi nyuma kabisa ya kaakaa.