AKASIA YA VITABU VYA BEI SI MGUNGA WA RUSIZI

Ndugu mafundi seremala wa Bujumbura,

Tajiri akituletea picha ya meza za hoteli na kutaka akasia, tumwulize kwanza: akasia ipi? Ile inayouzwa duniani kwa samani hutoka sana katika mashamba ya Vietnam, na asili yake ni Australia na visiwa vya jirani. Mgunga wetu wa bonde la Rusizi ni mti mwingine. Tena mingi imo ndani ya hifadhi ya taifa, haikatwi ovyo.

Ubao wo wote ukirandwa mbichi hupinda na kupasuka, na lawama humwangukia fundi. Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Jina la mti liandikwe katika oda. Siku za kukausha mbao zihesabiwe katika malipo. Barakoa zitolewe karakanani, kwani tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limelitaja vumbi la mbao kuwa ni chanzo cha ugonjwa huo.

Tusilipishwe hasara ya mbao tusizozichagua. Umoja ni nguvu!