Kuhamisha Nyimbo za Sidii

Karibuni darasani, ninyi mlio Bukoba na ninyi mlio Muleba. Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: SIDII, FAILI, FOLDA, NAKALA. Tutayatumia yote leo.

Somo letu ni hili: jinsi ya kuhamisha nyimbo kutoka katika sidii, na kuzipanga vizuri katika kadi ya simu au flashi ya redio ndogo.

Labda mwenzetu mmoja atauliza, "Je, hiyo ni kazi ya watu wazima?" Ndiyo, ni kazi yetu. Katika nyumba nyingi za huku mna sidii kabatini. Moja ni ya kwaya, nyingine ni ya kaswida, nyingine ni ya Saida Karoli, aliyeimba kwa Kihaya akasikika nchi nzima. Nyingine haina jina. Ni ya harusi ya zamani, na ndani yake babu anapiga nanga. Babu huyo amekwisha kufariki. Sidii ya Saida Karoli ikivunjika, waweza kutafuta nyingine. Ile ya babu ikivunjika, hakuna duka liuzalo nyingine.

Na sidii huharibika. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga mkoa wetu wa Kagera, nyumba nyingi zikaanguka pamoja na vilivyokuwamo. Hata pasipo tetemeko, mikwaruzo huziharibu, na unyevu pia. Zile zilizoandikwa kwa kompyuta, kama za harusi, zina rangi maalumu inayoshika sauti. Jua likiipiga siku nyingi, rangi hiyo hufifia na sauti hupotea.

Haya, sidii ni kitu gani? Ni sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 12. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, nayo ni kazi ya makampuni mawili, Philips na Sony. Ndani yake sauti imeandikwa kwa tarakimu. Kila sekunde moja sauti hupimwa mara 44,100, na kila kipimo huandikwa. Mwanga mwembamba uitwao leza huzisoma tarakimu hizo. Kwa kuwa ni nyingi mno, dakika moja ya muziki hutaka nafasi ya megabaiti 10 hivi. Megabaiti ni kipimo cha nafasi, kama vile debe lilivyo kipimo cha mahindi.

Baadaye wataalamu, wengi wao Wajerumani, walitafuta njia ya kupunguza mzigo huo. Njia yao yaitwa MP3, na jina hilo lilianza kutumika mwaka 1995. Nanyi wakulima mtaielewa upesi. Mwajua tofauti ya kahawa ya maganda na kahawa safi. Ukikoboa, mzigo hupungua, na kilichobaki ndicho ukitakacho. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Dakika iliyotaka megabaiti 10 sasa yatosha kwa megabaiti 1 hivi. Lakini kumbukeni: maganda yakishatoka hayarudi. Kwa hiyo sauti ya thamani kubwa, kama ile ya babu, ihifadhini pia kwa njia iitwayo FLAC. Hiyo hupunguza mzigo karibu nusu bila kutupa cho chote.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Futa sidii kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe kitambaa.

Hatua ya pili ni kutafuta kompyuta yenye mdomo wa sidii. Kompyuta nyingi mpya hazina mdomo huo, lakini kuna kifaa cha nje kinachochomekwa kwa waya. Ukienda kibandani kwa fundi, keti naye mpaka kazi iishe. Usimwachie sidii iliyo ya pekee.

Hatua ya tatu ni kuhamisha, na hapa sikilizeni vizuri. Mimi mwenyewe nilikosea hapa. Nilichukua sidii za marehemu baba yangu, nikazifungua katika kompyuta, nikaona vifaili vyenye majina kama Track01.cda. Nikavinakili katika flashi. Kazi ilikwisha kwa kufumba na kufumbua, nami nikafurahi. Nikasafiri hadi Kamachumu kumpelekea mama. Tukachomeka flashi redioni, ndugu na majirani wamekaa. Kimya! Mama akaniuliza, "Baba yako yuko wapi humo?" Sikuwa na jibu.

Kosa langu lilikuwa nini? Vifaili vile si nyimbo. Ni alama tu, kama kibao cha njiani kinachoonyesha kijiji kilipo. Ukibeba kibao hukubeba kijiji. Bahati nzuri sidii zilikuwapo bado, nikarudia kazi.

Njia iliyo sawa ni kutumia programu inayosoma sauti yenyewe, kama Windows Media Player. Kwanza chagua MP3 katika mipango yake, ndipo ubonyeze kitufe kilichoandikwa Rip CD. Subiri. Kazi hii huchukua dakika kadhaa kwa kila sidii. Ikiwa sidii ilikwisha kuandikwa MP3, yaani ina nyimbo mia au zaidi, hiyo wanakili tu moja kwa moja.

Hatua ya nne ni kupanga. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila wimbo ni faili moja. Faili nyingi huwekwa ndani ya folda, kama barua ndani ya bahasha. Fanya folda moja kwa kila mwimbaji au kila shughuli. Ndani yake fanya folda ya kila sidii, na uandike mwaka kama waujua. Kisha ipe kila faili namba na jina. Andika 01, 02, 03, wala si 1, 2, 3. Kwa nini? Vifaa vingi hutazama tarakimu ya kwanza tu, hupiga 1, kisha 10, kisha 11, ndipo 2. Harusi ikipigwa hivyo, wageni watakula kabla bibi harusi hajafika!

Kwa sauti za nyumbani, andika majina ya wanaosikika. Waulize wazee sasa, wangali wanawatambua.

Hatua ya tano ni nakala. Kadi hupotea sokoni, flashi hufa ghafula. Weka nakala moja nyumbani, na nyingine kwa ndugu aishiye mbali. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mengi, na wa Wahaya pia. Sahani zake zilitunzwa katika maktaba, na baadaye nyimbo zikahamishwa katika sidii. Ndiyo maana leo twaweza kuzisikia.

Neno moja la sheria. Kunakili sidii yako kwa kusikiliza nyumbani ni jambo moja. Kuuza nyimbo za mtu mwingine ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda msanii, maana jasho lake ni kama jasho la mkulima.

Sasa kazi ya darasa. Andikeni majibu.

1. Mama ana sidii 12, kila moja ina dakika 50. Akitumia MP3, atahitaji megabaiti ngapi?

2. Kwa nini Track01.cda haina wimbo?

3. Nyumbani kwako ni sidii gani isiyopatikana dukani? Andika majina ya wanaosikika ndani yake.

Swali la tatu lisifanywe kwa haraka. Nendeni nalo nyumbani, mkae na wazee. Kwaherini, na masomo mema.