Utunzaji wa Vifurushi vya Programu na Kazi ya Wanalugha

Kifurushi cha programu hakitengenezwi mara moja kikaachwa. Debian, mkusanyo wa programu za Linux ulioanzishwa mwaka 1993, hudai kila kifurushi kiwe na mtunzaji. Kilichoachwa na mtunzaji wake huitwa yatima.

Jambo hili latuhusu sisi wanalugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye maelezo ya Kiswahili. Lakini programu hubadilika kila toleo. Katika programu nyingi za Linux, sentensi ya Kiingereza ikirekebishwa, tafsiri yake hutiwa alama ya shaka na kufichwa mpaka ihakikiwe. Kiingereza hurudi mahali pake.

Tumfikirie mwanafunzi wa Bute, kaskazini mwa Wajir, ambako Kiborana na Kisomali husemwa nyumbani. Kiswahili na Kiingereza hukutana navyo darasani. Kompyuta ikichanganya amri za lugha hizo mbili, mzigo wake huwa maradufu.

Kwa hiyo kuunda istilahi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitunza tafsiri, toleo baada ya toleo, isije ikawa yatima.