Chakula na harufu ya kinywa

Kuna neno moja ambalo Wakristu wetu hawatatuambia kamwe, hata wakitupenda sana: ya kwamba kinywa chetu kinanuka. Watageuza uso kidogo, watafupisha maungamo, basi. Nasi ndio tunaokaa sikio kwa kinywa penye kiti cha maungamo, ndio tunaoinama juu ya kitanda cha mgonjwa. Kwa hiyo yatupasa kujua harufu hiyo inatoka wapi.

Wengi hujibu: inatoka tumboni. Lakini mara nyingi sivyo. Karibu kila mara inatoka kinywani mwenyewe, zaidi nyuma ya ulimi na katikati ya meno. Huko kunakaa vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula mabaki ya samaki na nyama, hata ngozi nyembamba inayobanduka kinywani, na kwa kazi yao hutokea hewa yenye salfa, inayonuka kama yai bovu. (Ni salfa ile ile ambayo ndani yake hufanywa asidi ya viwanda vya shaba vya Kolwezi.) Mate ndiyo maji yanayosafisha mahali hapo. Usiku mate hupunguka, na kwa sababu hiyo kila mtu, tajiri na maskini, huamka na kinywa kisicho kizuri.

Basi bukari na sombe havina kosa. Kosa ni mabaki tunayolala nayo. Anayekula samaki mukavu jioni, asipopiga meno muswaki na kuukwangua ulimi polepole mpaka nyuma, amewaandalia vidudu karamu ya usiku kucha. Sukari hufanya vibaya kwa njia nyingine: hutoboa meno, na chakula huoza ndani ya matundu. Tumbako na lutuku hukausha kinywa.

Kitunguu saumu kina desturi yake. Harufu yake moja inabaki kinywani, nyingine inaingia katika damu, inafika kwenye mapafu na kutoka pamoja na pumzi kwa saa nyingi. Hapo muswaki hauwezi kitu. Maziwa yakinywewa pamoja na chakula hupunguza harufu hiyo. Lakini kwa padri mwenye kuungamisha Jumamosi jioni, dawa nzuri kupita zote ni kukila kitunguu hicho siku nyingine!

Njaa nayo inanuka. Mwili usipopata chakula unaanza kuunguza mafuta yake, na pumzi hutoa harufu kali ya asetoni, ambayo watu wengine huidhani kuwa ni pombe. Mapadri wa zamani waliijua hali hii, kwa maana mbele ya mwaka 1953 mtu alijinyima hata maji tangu saa sita ya usiku mpaka Komunyo. Mwaka ule Papa Pius XII aliruhusu maji. Mwaka 1957 aliweka saa tatu za kufunga chakula, na mwaka 1964 Paulo VI aliweka saa moja. Maji hayavunji mfungo, basi tunywe. Tena tusiharakishe kumhukumu kijana mchimbaji wa mikono anayekuja kwetu kutoka shimoni, kinywa kikavu kwa vumbi, bila kula tangu asubuhi. Pengine ni njaa tu. Na mtu mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa sana, anayehema kwa nguvu na pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, huyo apelekwe lopitali siku ile ile: ni ugonjwa wa sukari uliokwisha kuwa mkali.

Lakini kuna harufu moja tunayotaka kila katekista aijue, maana inaua. Ni ya ugonjwa uitwao noma. Unashika zaidi watoto wa miaka 2 mpaka 6 waliokonda kwa kukosa chakula chenye nguvu, na mara nyingi unakuja nyuma ya surua au malaria. Tukumbuke ya kwamba surua iliyoenea katika nchi yetu tangu mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6.000, wengi wao watoto. Noma inaanza kama kidonda cha ufizi: ufizi unatoka damu, kinywa kinanuka vibaya sana. Siku chache tu, shavu linavimba, halafu nyama ya uso inaoza na kutoboka. Bila dawa, katika watoto 10 wanaweza kufa 9. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliuandika katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi wa Desemba 2023.

Si uchawi, wala hauambukizi. Mama asimfiche mtoto kwa haya. Ukikamatwa mapema, munganga anautibu kwa dawa za kuua vidudu, kwa kusafisha kinywa, na kwa kumlisha mtoto vizuri: mayai, maharagwe, karanga zilizosagwa, samaki, lengalenga, mapera.

Kwa hiyo katekista anayetembelea vijiji nyuma ya surua asiulize tu habari za ubatizo. Amwombe mama ruhusa, ainue mdomo wa mtoto kwa kidole kilichonawa, na atazame ufizi. Akiona damu au kidonda, na harufu mbaya, safari ya kwenda dispanseri ianze siku ile ile, hata kama ni kwa baiskeli.