Fahamu: Gharama ya Kuagiza Land Cruiser ya zamani hadi Nyarugusu

Katika Nyarugusu, mkoani Geita, ambako barabara za machimbo ya dhahabu hugeuka tope masika, Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuundwa mwaka 1984, bado huthaminiwa kuliko magari mengi mapya. Kenya huzuia gari lililozidi miaka minane, ilhali Tanzania huliruhusu lakini hulitoza ushuru wa uchakavu, yaani nyongeza inayotokana na umri wa gari.

Wanunuzi wengi hukosea katika hesabu, kwa sababu ushuru hukokotolewa juu ya bei, bima na nauli ya meli kwa pamoja. Hivyo gari lenye thamani ya shilingi milioni 10 likifika bandari ya Dar es Salaam hudaiwa asilimia 25 ya forodha, yaani milioni 2.5, kisha ushuru wa bidhaa na huo wa uchakavu, na mwishowe VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya vyote hivyo. Aidha, kwa gari linalotoka Japani, chumvi inayomwagwa barabarani huko wakati wa theluji hula chasisi, kwa hiyo picha za uvunguni ziombwe kabla ya kulipa.