Datsun 240Z Ikilala, Breki Zinaoza

Mshikaji, kama umebahatika kurithi Datsun 240Z, mashine iliyotesa Safari Rally mwaka 1971 na 1973, usikimbilie kuipiga rangi. Anza na breki!

Mbele ina diski, nyuma ina ngoma. Adui yake ni kulala. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewani polepole, hata gari likifunikwa turubai. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzijoto 205. Ikishanywa maji, inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Sasa shuka nayo mteremko wa Kitonga kule Iringa, mguu kwenye breki muda wote. Oili inachemka, inatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama puto. Pedali inazama mpaka chini. Hapo utapiga honi mpaka uchoke!

Kila miaka miwili fundi aimwage yote, aweke mpya, atoe upepo magurudumu yote manne. Silinda ndogo za nyuma azifungue aangalie kutu. Mipira iliyopasuka usiibembeleze, badili. Fundi wa kuongezea juu tu halafu "safi bosi", mkimbie. Na asiidondoshe kwenye bodi: oili hiyo inababua rangi.